MBWA WAKO ANAUMWA: MTAZAME KWANZA KABLA YA KUMSHIKA



Somo letu la leo ni juu ya mbwa. Najua wapo watakaocheka. Watasema, "Huyu bwana wa elimu ameishiwa masomo? Tumesoma juu ya pamba, tumesoma juu ya ndama, sasa tunasoma juu ya mbwa?" Lakini hebu hesabu mwenyewe. Hapa kwetu Bariadi, na huko Itilima, Meatu, Maswa na Busega, ni kaya ngapi zenye ng'ombe ambazo hazina mbwa? Ni chache. Usiku fisi akilisogelea zizi, anayeamka wa kwanza ni nani? Mchana kijana akienda kuchunga, anafuatana na nani? Mbwa analinda mali yote ya boma, na mshahara wake ni ukoko wa ugali.

Ng'ombe akiumwa, tunamwita bwana mifugo siku hiyo hiyo. Mbwa akiumwa tunasema, "Mwache, atapona mwenyewe." Mara nyingine ni kweli, anapona mwenyewe. Mara nyingine anakufa. Na mara nyingine anakufa pamoja na mtu.

Mimi sikusomea udaktari wa mifugo. Nilisomea ualimu chuoni, na kazi yangu ni madarasa ya watu wazima. Haya nitakayoeleza nimeyapata kwa mabwana mifugo, kwa kusoma, na kwa mzee mmoja mwanakisomo ambaye habari yake ndiyo iliyonifanya niandike somo hili.

MFUPA USIOKUWEPO

Mzee huyu anakaa katika kijiji kimoja upande wa Itilima. Alikuwa na mbwa dume aitwaye Chui, mkali kwa fisi na mpole kwa watoto. Siku moja, baada ya arusi ya jirani, Chui alikataa kula. Alilala kando ya ghala, taya la chini limening'inia, udenda unamtoka. Akijaribu kunywa maji, maji yanarudi. Kila mtu akasema amekwamwa na mfupa wa mbuzi wa arusi.

Mzee akamshika mbwa kichwa. Akamwambia kijana wake wa miaka 12, "Mkono wako ni mdogo, ingiza uutoe huo mfupa." Kijana akaingiza mkono mpaka kooni. Hakukuta mfupa. Alipoutoa mkono, vidole vilikuwa vimechubuliwa na meno.

Siku ya tatu Chui hakuweza kusimama. Siku ya nne akafa. Wangemzika na kusahau, kama si mama mmoja jirani, mwanakisomo pia, aliyekuwa amesoma karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye zahanati. Mama huyo alimwuliza mzee maswali mawili tu.

"Baba, huyo mbwa alipata kuchanjwa?"

Hapana, hakuchanjwa.

"Na siku za nyuma alipigana na mbwa mwingine?"

Ndiyo. Kama wiki sita zilizopita alipigana na mbwa mgeni, ambaye hakuna aliyejua katokea wapi.

Mama akasema, "Basi huyo hakuwa na mfupa. Mwoshe mtoto mikono kwa sabuni sasa hivi, kisha mpeleke hospitali leo. Nawe baba, nenda."

Walikwenda. Wote wawili walidungwa sindano za kinga kwa siku walizopangiwa. Mzee aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na gharama. Sindano ya mwisho nusura waiache, maana palizi ya pamba ilikuwa imewabana. Mama yule akaja tena kuwahimiza. Leo kijana yu hai, na anasoma sekondari.

Kumbe Chui alikuwa ameng'ata pia ndama mmoja mguuni, na hakuna aliyejali. Baada ya kama mwezi mmoja ndama yule alianza kulia kwa sauti ya ajabu, udenda ukimtoka, kisha akaanguka. Majirani wakaja na visu, wakisema nyama isipotee bure. Mzee akakataa kabisa. Akamwita bwana mifugo, na ndama akafukiwa shimo refu. Mzee aliniambia kuwa kukataa nyama mbele ya watu wenye njaa ilikuwa kazi ngumu kuliko kuuza mbuzi wawili.

JINA LINATUDANGANYA

Ugonjwa ule ni kichaa cha mbwa. Tukisikia neno "kichaa" tunamtazamia mbwa anayekimbia ovyo na kumng'ata kila anayekutana naye. Yupo wa namna hiyo. Lakini yupo na mwingine, mgonjwa wa kimya. Huyu hamkimbizi mtu. Hujificha gizani, taya hulegea, sauti ya kubweka hubadilika au hupotea, hushindwa kumeza, miguu ya nyuma hulegea, na hufa. Huyu wa kimya ndiye tunayemhurumia na kumtia mkono kinywani.

Wengine hutumia kipimo cha maji. Wanasema, "Nimempa maji hakuyakimbia, basi hana kichaa." Hicho si kipimo. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu aliyeshikwa na ugonjwa huu. Mbwa anaweza kuyafuata maji vizuri tu, ila koo halimezi.

Wadudu wa ugonjwa huu ni wadogo sana, huitwa virusi. Wamo katika mate. Hupita penye jeraha, hata mchubuko mdogo, au machoni na mdomoni, kisha husafiri polepole kufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa au miezi. Ndiyo maana Chui alikuwa mzima kwa wiki sita baada ya kupigana. Na ndiyo maana sindano zinaweza kumwokoa mtu, kwa kuwa zinawahi kabla wadudu hawajafika. Wakishafika ubongoni na dalili kuonekana, hakuna dawa. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa duniani kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika. Kwa nchi yetu, wataalamu walikadiria katika taarifa ya mwaka 2002 kuwa hufa watu kama 1,500 kwa mwaka. Wengi wa wanaong'atwa ni watoto, kwa sababu wao ndio marafiki wa mbwa.

MACHO KWANZA, MIKONO BAADAYE

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Umeamka asubuhi, mbwa wako hakuja kukupokea. Ufanye nini?

Simama mbali hatua chache. Usimshike. Mwite jina lake. Je, anakujua? Anatikisa mkia kama siku zote? Sauti yake ni ile ile? Tazama taya, limefunga au linaning'inia? Tazama anavyokwenda, ananyooka au anayumba kama mlevi? Je, anang'ata vijiti, mawe, au hewa tupu? Je, mbwa mkali amekuwa mpole ghafla, au mpole amekuwa mkali bila kuchokozwa?

Ukiona mojawapo ya mambo hayo, hapo hapo acha habari ya dawa. Ondoa watoto. Kama yumo ndani ya banda, funga mlango. Kama yuko nje, usijaribu kumvisha kamba kwa mkono. Mzuie kwa mbali kadiri uwezavyo, na mtu mmoja aende au apige simu kwa bwana mifugo na kwa mtendaji wa kijiji. Akifa, usimguse kwa mikono mitupu, wala usimchune. Kichwa chake kinaweza kuhitajiwa na bwana mifugo ili kipimwe, kwa hiyo watu wasikipondeponde kwa mawe.

Kama amemng'ata mtu, au mate yake yamegusa mchubuko, osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Ni muda mrefu. Tazama saa, usikisie. Sabuni ya kufulia inatosha. Usipake majivu, pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, na ukipangiwa siku za sindano usiruke hata moja.

Labda aliyeng'ata ni mbwa wako mwenyewe, na anaonekana mzima. Mtu aende hospitali vile vile, na mbwa afungwe mahali salama atazamwe siku 10. Kwa kawaida mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa siku ile alipong'ata, atakuwa ameonyesha dalili au amekufa kabla siku hizo hazijaisha. Lakini usikae nyumbani ukisubiri siku 10 ndipo uende kwa mganga. Mbwa atazamwe wakati mtu anatibiwa.

AKIWA NA AKILI ZAKE

Tuseme umemtazama mbwa, anakujua, anatikisa mkia, taya limefunga. Ila amedhoofika. Hapo sasa unaweza kumkaribia na kumpima kwa mikono.

Inua mdomo wa juu utazame fizi. Fizi za mbwa mzima ni nyekundu iliyofifia na zina unyevu. Kama mbwa wako ana fizi nyeusi kwa asili, vuta chini kope la jicho utazame ndani yake. Ukikuta weupe kama karatasi, damu imepungua: kupe wameinywa, au minyoo, au anavuja damu ndani baada ya kugongwa au kupigwa pembe. Ukikuta umanjano, maradhi yameingia ndani. Weupe na umanjano havingoji. Mwite bwana mifugo leo.

Vuta ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili, kisha iachie. Ikirudi upesi ni vizuri. Ikisimama kama kilima, maji yamekwisha mwilini.

Hesabu pumzi akiwa amelala kivulini, si baada ya kukimbia. Kifua kikipanda na kushuka mara 10 mpaka 30 kwa dakika, hana shida. Zikizidi 40 hapo kivulini, ana tatizo. Watu wengi hupima kwa kugusa pua, eti pua kavu ni homa. Pua inaweza kukauka kwa jua tu. Na kiganja chako nacho kinadanganya, maana mwili wa mbwa kwa kawaida una moto kuliko wetu, nyuzi 38 mpaka 39.

Kuhara kwa mbwa mkubwa siku moja, huku anakula na kuchezacheza, si jambo la kukukosesha usingizi. Huenda amekula mzoga. Mpe maji safi, usimpe chakula kizito, ngoja kesho. Lakini watoto wa mbwa ni habari nyingine kabisa. Mtoto wa mbwa akitapika na kuhara damu yenye harufu kali, huenda ni ugonjwa wa parvo, na anaweza kufa kwa siku moja au mbili kwa kuishiwa maji. Usiseme "tungoje mnada wa Jumamosi ndipo nimwone bwana mifugo". Mtenge na wenzake. Kama hatapiki, mpe maji ya chumvi na sukari yale yale tunayowapa watoto wetu: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vidogo 6 vya kufuta, na chumvi nusu kijiko. Umpe kidogo kidogo alambe mwenyewe. Ukimmiminia kooni yataingia mapafuni.

Kuna hatari moja ambayo sisi wakulima wa pamba tunaileta wenyewe, nayo ni dawa ya kunyunyizia. Mbwa akilamba chupa iliyotupwa, au akilala juu ya gunia lililomwagikiwa, anaweza baada ya muda mfupi kutoa udenda mwingi, kutapika, kuhara, kutetemeka mwili mzima na kuanguka. Kwa mtu asiyejua hali hiyo inafanana na kichaa. Hata wewe unayejua usiwe na uhakika sana. Mkono usiende kinywani. Usimlazimishe kutapika na usimnyweshe maziwa wala mafuta. Mtafute bwana mifugo upesi, na umpelekee chupa yenyewe au karatasi yake iliyobandikwa, kwa sababu jina la dawa lililoandikwa pale ndilo litakalomwonyesha tiba. Hapa ndugu msomaji kisomo chako kina kazi.

Wanaokaa karibu na pori la Maswa, penye mbung'o, watazame macho ya mbwa. Macho yakiingia ukungu wa bluu, uso ukavimba na mbwa akakonda, huenda ni ndorobo, ile ile inayoua ng'ombe. Mbwa jike akisukuma kwa nguvu zaidi ya saa moja bila mtoto kutoka, naye anahitaji msaada. Jeraha lenye funza, vivyo hivyo. Upele, viroboto na minyoo vinaweza kusubiri siku ya bwana mifugo kupita kijijini, lakini visisahauliwe.

Neno moja juu ya dawa. Dawa ya ng'ombe usiigawe kwa kukisia ukampa mbwa. Ng'ombe ana kilo 250, mbwa wetu hana hata 20. Vidonge vya watu vya kutuliza maumivu pia vinaweza kumuua. Na dawa ya josho isiyochanganywa na maji kwa kipimo, ukimpaka mbwa ili kuua kupe, utaua kupe na mbwa.

SIMBA WA SERENGETI

Nimeacha ugonjwa mmoja kwa makusudi, nao ni distempa. Mbwa hutoka machozi mazito na kamasi, hukohoa, hupata homa, hukataa chakula. Baadaye misuli huanza kurukaruka na mbwa huanguka kifafa. Ukiona kifafa, rudi kwenye kanuni ya kwanza: usimguse, maana kwa macho tu huwezi kukitofautisha na kichaa.

Distempa ina historia hapa jirani. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walionekana wakitetemeka na kuanguka, hata mbele ya watalii. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamekufa kama theluthi moja, karibu simba 1,000. Wataalamu walipopima walikuta ni distempa, na wakaona kuwa chanzo chake yaelekea ni mbwa wa vijijini, mbwa wetu hawa wa kulinda zizi. Basi mbwa mmoja anayekohoa nyuma ya boma anaweza kufika mbali kuliko mwenye mbwa anavyofikiri.

Tangu hapo mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa. Katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilianza mwaka 1996. Baada ya mzunguko wa kwanza kichaa kwa mbwa kilipungua kwa asilimia 70, na baada ya wa pili kwa asilimia 97. Watu waliokwenda hospitali kwa kung'atwa nao walipungua. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Mzee mwingine alinibishia darasani kuwa mbwa akichanjwa anakuwa mvivu, hawezi kulinda. Nilimwuliza kama ng'ombe wake waliochanjwa wameacha kutoa maziwa. Darasa likacheka, yeye hakucheka. Lakini kampeni ilipokuja nilimwona kwenye foleni na mbwa watatu, amewafunga kamba za katani. Sikumwuliza kitu.

KUMWANDIKIA BWANA MIFUGO

Kata ni kubwa na bwana mifugo ni mmoja. Ukimpigia simu ukasema tu "mbwa anaumwa", hajui aanzie kwako au kwa mwingine. Mwandikie barua fupi au ujumbe wa simu. Mfano huu:

"Ndugu Bwana Mifugo. Mbwa wangu ni dume, miaka 3. Hajachanjwa. Tangu Jumatatu jioni hali chakula, taya limelegea, anatoa udenda. Wiki sita zilizopita alipigana na mbwa mgeni. Amemng'ata ndama. Mtoto alimtia mkono kinywani, tumempeleka hospitali. Mbwa tumemfungia bandani. Tafadhali njoo leo."

Tazama, hakuna neno la kupamba. Ila limo jambo la siku, la chanjo, la dalili, na la nani ameguswa. Angalia na neno "kuumwa". Kiswahili chetu kinalitumia kwa ugonjwa na kwa meno pia. Mama mmoja aliandika "mtoto ameumwa, mbwa pia", na bwana mifugo akadhani wote wawili wana homa. Kama ni meno, andika "ameng'atwa".

Na katika daftari lako la mifugo, ukurasa mmoja uwe wa mbwa. Andika jina lake, mwaka aliozaliwa, tarehe ya kila chanjo. Chanjo ya kichaa hurudiwa kila mwaka isipokuwa mtaalamu akikuambia vingine. Kadi ya chanjo uitunze pamoja na kadi za watoto za kliniki, si juu ya dari ambako panya wataitafuna.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini watu wa boma la mzee walifikiri Chui amekwamwa na mfupa? Wangetazama nini kabla ya kumshika?

2. Katika kijiji chenu, mbwa mgeni akionekana anazurura, habari hupelekwa kwa nani? Jadilianeni kama njia hiyo inatosha.

3. Ndama aliyeng'atwa alianza kuugua baada ya kama mwezi mmoja. Eleza kwa maneno yako kwa nini ulichukua muda huo.

4. Mbwa wa Mama Fulani anatetemeka na kutoa udenda, na karibu yake ipo chupa tupu ya dawa ya pamba. Andika ujumbe ambao mama huyo atampelekea bwana mifugo. Usizidi mistari mitano.

5. Hesabuni mbwa wote wa kitongoji chenu, na waliochanjwa mwaka huu. Je, wanafika 70 katika kila 100? Kama hawafiki, ni mbwa wangapi zaidi waletwe siku ya chanjo?